Union au Habari Njema: ukienda dukani uchukue Biblia ipi?

Kila mwaka, kipaimara kinapokaribia, simu yangu huanza kuita. Ni wazazi. "Shikamoo mwalimu. Tupo dukani, tunataka kumnunulia mtoto Biblia. Zipo nyingi, tuchukue ipi?" Nyuma ya sauti ya mama namsikia muuzaji akitaja bei: ya zipu, ya maandishi makubwa, yenye maneno ya Yesu kwa wino mwekundu. Jalada watalichagua wenyewe. Mimi huwauliza kwanza, ndani ni Union au Habari Njema? Wengi hawajui hata kama kuna tofauti. Biblia si Biblia tu?

Nafundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mkoani Morogoro, na swali hili nimelijibu kwa simu, harakaharaka, mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa nafasi.

Tuanze na asili yao. Ile ambayo wengi wetu tumekulia nayo, Union Version, ilitoka mwaka 1952, Agano Jipya lake likiwa limetangulia mwaka 1950. Hilo jina la Union, yaani muungano, lina sababu yake. Kabla ya hapo Wakristo wanaosoma Kiswahili hawakuwa na Biblia moja. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, mwaka uleule aliofika Mombasa. Kule Unguja, Askofu Edward Steere na wenzake wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walitafsiri kwa Kiunguja, lahaja ya huko, na Biblia nzima ikatoka 1891, yeye akiwa ameshafariki. Mombasa nao wakapata ya lahaja yao, Kimvita, iliyokamilika 1914. Huku bara, hasa kwetu Walutheri, ikasomwa ile ya Mjerumani Karl Roehl ya mwaka 1937, aliyejitahidi sana kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipokwisha kukiweka Kiswahili sanifu juu ya msingi wa Kiunguja, ndipo ikawezekana kuwa na maandiko ya kusomwa pande zote. Kwa hiyo anayeshika Union ameshika Kiswahili cha babu na bibi zetu, kilichopepetwa kutoka pwani, na kimesomwa makanisani kwa zaidi ya miaka 70. Siku hizi kuna pia Union iliyorekebishwa, yenye maneno kadhaa ya zamani yaliyolainishwa. Utaitambua kwenye kurasa za mwanzo.

Biblia Habari Njema ni mtoto wa miaka ya 1990. Waliitafsiri Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, kazi ya namna ambayo ilifunguliwa mlango mwaka 1968, pale Vatikani na Vyama vya Biblia vilipokubaliana miongozo ya kutafsiri kwa ushirikiano. Ndiyo maana unaikuta katika matoleo mawili: moja la vitabu 66, na jingine lenye pia vitabu vya Deuterokanoni, vile ambavyo Wakatoliki wanavyo katika Biblia yao na Waprotestanti hawana. Mzazi wa Kikatoliki aangalie hapo kabla ya kulipa.

Tofauti yao kubwa ni njia ya kutafsiri. Union hulifuata neno: mpangilio wa Kiebrania na Kigiriki unabaki ukionekana kwa chini, na picha za waandishi huachwa jinsi zilivyo. Habari Njema hufuata maana: mtafsiri anajiuliza kwanza msemaji alitaka kueleweka nini, kisha analisema hilo kwa Kiswahili ambacho mtu wa leo anakizungumza. Kwa maelezo hayo pekee kila mtu atavutia upande wake. Bora tufungue.

Mwaka jana darasani tulikuwa kwenye Wakorintho wa Kwanza 13. Kijana mmoja akasimama kusoma kutoka Union: "Upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu, upendo hautakabari, haujivuni." Alisoma vizuri, kwa sauti. Alipomaliza akabaki amesimama, akauliza, "Mwalimu, kukabari ni kufanya nini?"

Nilihitaji muda kidogo kuelewa anachouliza. Alikuwa amelikata neno kama tunavyokata "hautakwenda": hauta, halafu kabari. Kwake Paulo alikuwa anatabiri kwamba siku zijazo upendo hautakuja kufanya kitu fulani kinachoitwa kukabari. Kumbe kitenzi ni kutakabari, kujikweza kwa kiburi, na hiyo "ta" ni mali ya neno lenyewe, haina uhusiano na wakati ujao. Niliwauliza wengine. Katika darasa la vijana 23, hakuna aliyejua. Na sura hiyo wote wameisikia tangu utotoni, kwenye kila arusi.

Tukafungua Habari Njema: "Mwenye upendo huvumilia, hufadhili, mwenye upendo hana wivu, hajidai, wala hajivuni." Hakuna aliyeuliza swali. Neno kujidai kila mtoto wa shule analijua, tena anajua ni nani darasani anayejidai.

Basi Habari Njema imeshinda? Hapo kweli imeshinda kwa kueleweka, ila kuna kitu imekibadilisha kimyakimya. Paulo hakumtaja "mwenye upendo". Aliusimamisha upendo wenyewe kama mtu, ukavumilia, ukafadhili, ukakataa kuhusudu. Msomaji wa Habari Njema anajipima mara moja, je, mimi nina wivu? Msomaji wa Union anautazama upendo kwanza, halafu, akiwa ameketi vizuri kanisani, anaanza kuona unafanana na nani. Mimi sura hiyo naifundisha kwa zote mbili, na sioni jinsi ningeifundisha kwa moja.

Kuna kiungo kimoja cha sarufi ambacho ukikijua, nusu ya ugumu wa Union unaondoka. Ni "-japo-". "Nijaposema kwa lugha za wanadamu na za malaika." "Nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti." "Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Maana yake ni hata kama: hata kama nikisema, hata kama nikipita, hata kama akifa. Hilo la mwisho, Yohana 11:25, husomwa kaburini, watu wakiwa wamesimama na udongo mkononi. Ni neno la kumshika mfiwa asianguke. Nimewauliza vijana wanasikia nini katika "ajapokufa", na wengi wameniambia wanasikia "akija kufa". Yaani ile "hata", ambayo ndiyo faraja yenyewe, inawapita. Habari Njema inasema "hata kama anakufa, ataishi", na mtoto wa darasa la nne anaipokea pale pale.

Kwa hiyo ninaposema Union ni ngumu, namaanisha ugumu wa aina hiyo. Ni sarufi na msamiati ambao haufundishwi tena nyumbani, na unafundishika kwa nusu saa. Wapo wanaodhani ugumu huo ndio utakatifu, kwamba neno la Mungu likieleweka upesi limepungua uzito. Hilo silikubali hata kidogo. Luther mwenyewe, katika barua yake ya mwaka 1530 kuhusu kutafsiri, alisema mtafsiri amsikilize mama nyumbani, watoto mtaani na mtu wa kawaida sokoni, atazame wanavyosema kwa vinywa vyao. Mlutheri hawezi kumwonea aibu mtu anayesoma Biblia ya Kiswahili chepesi.

Lakini ngoja niwaeleze siku niliyokosea upande wa pili. Tulikwenda, wazee wawili wa kanisa na mimi, kumwombea bibi mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa amelala kitandani kwa miezi. Macho yalishaacha kuona, sauti ilikuwa ndogo. Nikafungua Zaburi 23 katika Habari Njema niliyokuwa nayo kwenye mkoba: "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu, sitapungukiwa kitu." Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasoma pamoja nami, kwa kichwa. Nilipofika "hunipumzisha kwenye malisho mabichi", yeye alikuwa kwenye "katika malisho ya majani mabichi hunilaza". Mstari uliofuata tukaachana kabisa. Midomo ikasimama. Akasema polepole, "Mwanangu, hiyo siyo ninayoijua mimi."

Nikaifunga, nikaianza ile ya Union kwa kichwa, na tukaenda pamoja hadi mwisho: "Hakika wema na fadhili zitanifuata siku zote za maisha yangu, nami nitakaa nyumbani mwa Bwana milele." Pale nilipokwama yeye alinivusha.

Tangu siku ile Union haitoki kwenye mkoba wangu. Kwa wagonjwa, kwa wazee, kwa msiba, kwa zaburi zinazosomwa na usharika mzima kwa kupokezana, soma ile iliyo ndani ya watu. Na Union imekaa ndani ya watu kwa sababu ina mwendo. Sikiliza "gongo lako na fimbo yako vyanifariji". Habari Njema imesema "vyanilinda", na ni kweli kazi ya gongo la mchungaji ni kulinda, lakini aliye kitandani anahitaji kufarijiwa, na Kiebrania nacho kimesema hivyo. Katika mstari huohuo, "bonde la uvuli wa mauti" limekuwa "bonde la giza kuu". Hapo Habari Njema ina haki yake, kwa maana wataalamu wa Kiebrania wenyewe wamegawanyika juu ya neno hilo.

Upande wa kuzuia matumizi mabaya, Habari Njema inanisaidia sana. Wafilipi 4:13 umeiona nyuma ya daladala, kwenye fulana, kwenye ukuta wa saluni: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Kijana anaibeba kwenda nayo kwenye mtihani ambao hakuusomea. Habari Njema: "Naweza kuikabili kila hali kwa nguvu yake Kristo anayenipa uwezo." Kila hali. Ukirudi mstari mmoja nyuma unaona Paulo anazungumzia kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Alikuwa kifungoni. Hiyo "kila hali" inamrudisha msomaji kwenye njaa na kifungo, na hapo fulana nyingi zingebaki bila maandishi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi kama mwalimu wa Kilutheri: kuhesabiwa haki. Katika Warumi 3:24 Union inasema "wanahesabiwa haki bure kwa neema yake". Habari Njema inasema watu "hukubaliwa kuwa waadilifu". Kanisa letu lote limesimama juu ya neno hili, kwa hiyo naomba tulitazame kwa karibu.

Kuhesabiwa ni lugha ya daftari la dukani. Ibrahimu alimwamini Mungu, "ikahesabiwa kwake kuwa haki": kimeandikwa upande wake kitu ambacho hakukilipia. Picha hiyo ni ya Paulo mwenyewe, na Union imeilinda. Tatizo liko kwenye "haki". Mwambie kijana wa leo "haki", atafikiria haki za binadamu, haki yake kazini, tume ya haki. Atasikia "kuhesabiwa haki" kama kupewa stahili yake. Ni kinyume kabisa cha alichosema Paulo, maana stahili yetu tunaijua.

Habari Njema imelikimbia tatizo hilo kwa kusema "waadilifu", nayo ikakutana na jingine. Mwadilifu kwa Kiswahili cha kila siku ni mtu asiyechukua rushwa, mwenye mwenendo safi. Kijana akisoma "kukubaliwa kuwa waadilifu" anaweza kuelewa kwamba Mungu ametukagua akakuta tumefaulu. Daftari limepotea, na neema imefifia. Kwa fundisho hili mimi natumia Union, na naeleza neno haki kwa muda wote unaohitajika. Sitalibadilisha hilo.

Ukiendelea hadi Warumi 5:1 utakuta jambo jingine. Union: "na mwe na amani kwa Mungu", kama himizo. Habari Njema: "tunayo amani na Mungu", kama habari ya jambo lililokwisha kuwa. Hapa hakuna aliyekosea Kiswahili. Nakala za kale za Kigiriki zinatofautiana kwa herufi moja, o fupi au o ndefu, na herufi hiyo moja ndiyo inayoamua kama Paulo anahimiza au anatangaza. Mtu mwenye Biblia moja hawezi kujua kwamba kuna swali hapo. Vivyo hivyo ukiona mabano katika Union, kwa mfano Matendo 8:37, usidhani mchapaji amekosea: ni maneno yasiyopatikana katika nakala za kale zaidi.

Majina nayo yasikushangaze. Ndani ya Union yumo Hawa, Habili, Nuhu, Ibrahimu, Musa, Haruni, Sulemani, Ayubu. Ndani ya Habari Njema yumo Eva, Abeli, Noa, Abrahamu, Mose, Aroni, Solomoni, Yobu. Makanisa mawili yalipokaa meza moja kutafsiri ilibidi wakubaliane majina, na haya ya pili yako karibu zaidi na yale ambayo Wakatoliki wameyazoea. Mimi nayapenda ya Union, na sababu yangu ni majirani. Nilikulia Tanga. Ukimtajia jirani Mwislamu Ibrahimu, Musa na Nuhu, mazungumzo yameshaanza. Ukimtajia Noa, inabidi umtambulishe kwanza. Pia mtoto akitumwa afungue Ayubu katika Habari Njema atazunguka yaliyomo mpaka achoke, hivyo mwambieni mapema kwamba ni Yobu.

Jina la Mungu je? Pale Kiebrania kina zile herufi nne za jina hilo (YHWH), Union inaandika BWANA kwa herufi kubwa, na Habari Njema inaandika Mwenyezi-Mungu. Kwa macho Union inatosha. Kwa masikio haitoshi, kwa sababu herufi kubwa hazisikiki. Zaburi 110 inapoanza na "Neno la BWANA kwa Bwana wangu", anayesikiliza tu hana njia ya kujua ni mabwana wawili. Msomaji wa somo la Jumapili akumbuke hilo.

Ipo pia tafsiri ya tatu, iitwayo Neno, iliyotolewa na shirika la Biblica. Hii imekaa katikati: Yohana 3:16 yake anayeijua Union ataisoma bila kujikwaa, lakini sarufi ni ya leo. Mfano mzuri ni Mwanzo 1. Union inasema "Mungu aliziumba mbingu na nchi", na nchi leo ni Tanzania au Kenya. Neno inasema "mbingu na dunia", kama Habari Njema. Mstari wa pili Union ina "Roho ya Mungu ikatulia", Neno ina "Roho wa Mungu alikuwa ametulia". Hicho kiunganishi kidogo, ya au wa, kinabeba imani nzima: Roho ni kitu, au ni nafsi? Kiswahili kinakulazimisha uchague, Kiebrania hakikulazimishi. Nitasema tu kwamba sijaikuta Neno ikisomwa madhabahuni kwetu, kwa hiyo mtoto akienda nayo kanisani atakuwa anafuata peke yake.

Kwa hiyo mama akinipigia simu mwaka huu nitamwambia hivi. Kama mtoto hajawahi kusoma Biblia peke yake hata kitabu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mchukulie Habari Njema. Nimeona watoto wakimaliza Marko kwa siku mbili, wakarudi na maswali ya kweli. Nataka hayo kuliko mistari 40 iliyokaririwa bila kujua kutakabari ni nini. Vivyo hivyo kwa mtu mzima aliyeamini juzi, na kwa yule ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza na hajakisoma shule.

Kama nyumbani tayari kuna Habari Njema, chukua Union. Atakayekariri, atakayeimba kwaya, atakayesoma somo mbele ya watu, atakayetaka kufuatana na mchungaji mstari kwa mstari, anaihitaji. Mwinjilisti na mwalimu wa shule ya Jumapili asiwe na moja. Akiandaa somo asome Habari Njema kwanza, apate mwendo wa hoja, kisha akae na Union kwa kila neno. Fedha ikitosha moja tu, anunue Union, na Habari Njema aisome bure kwenye programu ya simu. Kinyume chake kinawezekana pia, lakini simu huzimika, na mazishi hayasubiri chaji.

Mkiwa hapo dukani, kabla ya kulipa, mpeni mtoto afungue Zaburi 23, halafu Wakorintho wa Kwanza 13, asome kwa sauti, hapohapo kaunta, kutoka kila moja. Msimkatize. Akifika neno asilolijua atasimama mwenyewe, na mtasikia anasimama mara ngapi. Muuzaji atasubiri.